Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana, na asante kwa kukubali kuzindua maonyesho yetu kuhusu migomo ya wanafunzi wa Afrika Kusini. Kila Juni husemwa kwamba mwaka 1976 watoto wa Soweto, kitongoji cha Waafrika cha Johannesburg, waliuawa kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Tunaomba kusema nusu iliyobaki: migomo ile ilipangwaje, ilikwama wapi, na serikali ya Makaburu ilifanya nini kuivunja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mambo hayakuanza 1976. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya 1953 iliziweka shule za Waafrika mikononi mwa wizara ya Verwoerd, waziri wa mambo ya Waafrika. Aprili 1955 wazazi wa Benoni, Germiston na miji mingine karibu na Johannesburg waliwazuia watoto nyumbani. Verwoerd akatangaza kwamba asiyerudi darasani kufikia tarehe 25 Aprili amefutwa, na karibu watoto 7,000 wakafutwa. Kuendesha shule isiyosajiliwa lilikuwa kosa, kwa hiyo zikaanzishwa "klabu za utamaduni". Hazikuwa na ubao, chaki, penseli wala vitabu, maana polisi wakivamia na kukuta chaki, hiyo ni shule na mwalimu ana kesi. Masomo yalipitishwa kwenye nyimbo, michezo na hadithi. Mmoja wa waliozisimamia ni Padri Trevor Huddleston, yule yule aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1960.

Sasa 1976. Kabla ya lugha, lilikuwapo tatizo la viti. Serikali ilipunguza mwaka mmoja wa shule ya msingi, hivyo madarasa mawili yakaingia Kidato cha Kwanza kwa mpigo: wanafunzi zaidi ya 250,000 kwa nafasi zipatazo 38,000. Kwa mwaka, mtoto wa Kizungu alitengewa randi 644, wa Kiafrika 42. Juu ya msongamano huo likapakiwa agizo la 1974: hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiafrikana, sayansi kwa Kiingereza, dini na muziki kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kizulu alibadilisha lugha tatu kabla ya mchana, na walimu wake wengi hawakukijua Kiafrikana kiasi cha kukifundishia. Swali la asilimia lilimshinda kwenye sentensi kabla hajafika kwenye hesabu.

Shule ya sekondari ya chini ya Orlando West iligoma tarehe 17 Mei, nyingine zikafuata. Jumapili ya tarehe 13 Juni wawakilishi wa shule walikutana Orlando wakaunda Kamati ya Utekelezaji, wajumbe wawili kwa kila shule, wakiongozwa na Tsietsi Mashinini wa shule ya sekondari ya Morris Isaacson. Mpango ulikuwa wa kawaida kabisa: misafara itoke shule mbalimbali, ikusanye wenzao njiani, ikutane Orlando West, kisha wote waende Uwanja wa Orlando. Mabango yaliandikwa kwenye maboksi. Moja lilisema kama sisi lazima tusome Kiafrikana, basi Waziri Mkuu Vorster naye ajifunze Kizulu.

Gesi ya machozi, mbwa, risasi za moto: hizo ndizo hatua zote za polisi asubuhi ya Jumatano, tarehe 16 Juni. Hastings Ndlovu na Hector Pieterson, huyu akiwa na miaka 12, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Katika hospitali ya Baragwanath polisi walidai orodha ya wenye majeraha ya risasi ili wawashtaki. Madaktari walikataa, na kwenye kumbukumbu za wagonjwa risasi ikaandikwa "jipu". Tume ya serikali yenyewe ilihesabu vifo 575 nchini hadi mwisho wa Februari 1977. Agizo la Kiafrikana lilikuwa limeondolewa mapema Julai 1976 na moto haukuzimika, jambo linaloonyesha kwamba lugha haikuwa peke yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza ya tatu ya maonyesho yetu ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu inahusu kosa na jinsi lilivyosahihishwa. Agosti 1976 wanafunzi waliwataka wazazi wasiende kazini Johannesburg. Hawakuzungumza na vibarua wahamiaji walioishi kwenye mabweni ya Mzimhlophe, watu waliotoka mbali, wanaotuma mshahara kijijini, na wasio na mtoto hata mmoja katika shule za Soweto. Kwao mgomo ulikuwa siku ya njaa iliyoamriwa na watoto. Polisi waliuona ufa huo wakauchochea, na wakazi wa mabweni wakawashambulia majirani zao kwa marungu na mapanga. Mgomo uliofuata, wa tarehe 13 hadi 15 Septemba, vipeperushi viliwalenga watu wa mabweni moja kwa moja. Safari hii wengi wao nao walibaki nyumbani.

Kosa jingine: ukisusia shule kwa kukaa nyumbani, unapoteza mahali pekee mnapokutana kila siku. Ndiyo maana mwaka 1980 huko Cape Town, chini ya Kamati ya 81, iliyoundwa na wawakilishi wa shule, wanafunzi walikuwa wanafika shuleni, hawaingii vipindini, wanaendesha mijadala yao humo humo. Serikali nayo ikajifunza. Septemba 1985 ilizifunga shule na vyuo 464 vya Machotara katika eneo hilo, na wazazi waliojaribu kuzifungua wakakamatwa. Tarehe 15 Oktoba polisi walijificha ndani ya masanduku ya mbao juu ya lori la reli, wakapita Athlone, kitongoji cha Cape Town, mpaka mawe yaliporushwa, wakainuka na kufyatua. Watatu walikufa. Mdogo wao alikuwa na miaka 11.

Wakati huo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa katika sehemu za nchi tangu Julai, na chama cha wanafunzi, COSAS, kilipigwa marufuku Agosti. Wapo vijana walioshika kauli ya "ukombozi kwanza, elimu baadaye". Kwa maoni yetu iliwagharimu wao kuliko ilivyomgharimu Rais Botha, na wazazi waliona hivyo: Desemba 1985 mkutano ulioitishwa na kamati ya wazazi wa Soweto uliwataka watoto warudi darasani wakiwa na madai yao mkononi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baadhi ya waliokimbia 1976 walisomea hapa Morogoro, Mazimbu, kwenye shamba la zamani la mkonge ambalo Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Shule yao ilipewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na makaburi ya wakimbizi yapo pale pale.

Ombi letu ni moja: basi la kuwapeleka wanafunzi 40 Mazimbu na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Baada ya kukata utepe, tunakuomba uanzie meza ya kwanza, ile isiyo na chaki.

Tunaomba kuwasilisha.