Risala ya Wanafunzi wa Ufundi wa Reli kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Akili Unde

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na kwa idhini yako tunaomba kuzungumzia nafasi ya akili unde, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano, katika usafiri wa reli, fani tuliyoichagua na tunayoipenda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wakisikia habari hii hufikiria treni isiyo na dereva. Treni hizo si ngeni, kwani njia namba 14 ya metro ya Paris imezitumia tangu ilipofunguliwa mwaka 1998, tena kwa mitambo iliyofuata kanuni zilizopangwa na wahandisi hatua kwa hatua. Sisi tunaona kwamba faida kubwa zaidi ya akili unde iko chini ya behewa, kwenye magurudumu, ekseli na reli zenyewe, mahali ambapo abiria hapatazami.

Tuchukue beringi, kifaa kinachoiwezesha ekseli kuzunguka kwa wepesi. Inapoanza kulika ndani, hutoa mlio hafifu unaomezwa na kishindo cha treni. Vipimajoto vya kando ya njia huigundua ikiwa imekwisha kupata moto, na wakati huo muda wa kuinusuru ekseli huwa mfupi mno. Maikrofoni zikitegwa kando ya reli, na sauti zake zikapelekwa kwenye programu iliyofunzwa kwa milio ya beringi nzima na mbovu, kasoro hiyo huweza kujulikana mapema, behewa likapangiwa zamu ya karakana badala ya kukwama njiani na mzigo wake.

Huko Assam, nchini India, nyaya za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, zilizofukiwa kando ya reli hunasa mtikisiko wa ardhi, na programu hutofautisha hatua za tembo na mitikisiko mingine ili dereva aonywe mapema. Onyo hilo ni uhai, kwa kuwa treni haiwezi kukwepa, na ile nzito iendayo kasi huweza kuhitaji zaidi ya kilomita 1 kusimama.

Hata hivyo, Mheshimiwa, programu hizi hukosea. Katika picha, doa la grisi juu ya reli huweza kudhaniwa kuwa ufa, na fundi hulazimika kwenda kupiga magoti na kuligusa kwa kidole. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba nyufa za kweli, kwa bahati njema, ni chache, kwa hiyo programu hupata mifano michache ya kujifunzia. Mifano hiyo imo katika madaftari ya mafundi, ambako mara nyingi huandikwa tu kwamba kifaa kimebadilishwa, bila kueleza kilikuwa na kasoro gani wala kilikutwa wapi.

Kwa sababu hiyo, tunaomba utusaidie kupata mambo mawili: vipuri vilivyoharibika, ambavyo karakana huviuza kama vyuma chakavu, viletwe chuoni tuvipige picha na kuvirekodi, na mafundi wazoefu waalikwe kutufundisha namna wanavyoitambua kasoro kwa sikio na kwa nyundo, maana ujuzi wao ndio tunaotaka kuufundisha kwa mashine kabla hawajastaafu.

Tunaomba kuwasilisha.