"Bado" yetu moja, Kijerumani kinazo mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaosomesha Kijerumani hapa Unguja na Pemba. Vijana wetu wanatoka darasani wakijua kumkaribisha mgeni, kumtajia bei ya viungo na kumwonesha njia ya Forodhani. Wakiajiriwa kwenye mradi wenye mshirika wa Kijerumani, swali la kila wiki huwa jengine kabisa: "Wie ist der Stand?", yaani kazi imefika wapi? Hapo hukwama, na maneno yenyewe si mengi.

Tuanze na -na- na -me- zetu. Paa "linaezekwa" ni "Das Dach wird gedeckt". Paa "limeezekwa" ni "Das Dach ist gedeckt". Tofauti ni wird na ist tu. Mwanafunzi aliyezoea kuwa ist ni "ni" huipachika kila pahala, na mwenzake aliyeko Berlin anaamini paa limekwisha wakati mafundi ndio kwanza wako juu.

Kubwa zaidi ni "bado". "Bado tunapiga plasta" ni "Wir verputzen noch". "Bado hatujapiga plasta" ni "Wir haben noch nicht verputzt". Akiulizwa kama mbao zimefika, kijana hujibu "noch" na kunyamaza, kama sisi tunavyojibu "bado" na tukaeleweka. Kwa Mjerumani hilo ni neno lililokatika njiani. Jibu ni "Noch nicht", kisha siku: "voraussichtlich am Donnerstag", inatarajiwa Alhamisi. Neno voraussichtlich ni zito mdomoni, lakini nawasihi lifundishwe mpaka likae, maana ndilo linalotenganisha makadirio na ahadi.

Kuchelewa kusemwe wazi, na sababu ifuate papo hapo, kitenzi kikiwa mwisho: "Wir sind zwei Wochen in Verzug, weil der Kalk noch im Hafen liegt." Tuko nyuma wiki mbili kwa kuwa chokaa ingali bandarini. Pia um na auf zisichanganywe. Kazi ikirefuka "um zwei Wochen", zimeongezeka wiki mbili. Ikirefuka "auf zwei Wochen", muda wote umekuwa wiki mbili.

Saa nazo zina mtego. "Halb drei" ya mchana si saa tisa u nusu, ni saa nane u nusu: nusu ya kuiendea ya tatu yao. Hiyo ni saa ya kwao. Ya kwetu ongeza saa moja wakiwa katika majira ya joto, mbili wakiwa katika baridi, kwa sababu hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Ombi langu ni kipindi kimoja tu kwa wiki. Mwanafunzi apewe picha ya jengo linalokarabatiwa Mji Mkongwe, au ya nyumba za Kikwajuni ambazo Ujerumani Mashariki ilisaidia kuzijenga miaka ya 1960, atoe ripoti ya sentensi tano: kilichokwisha, kinachoendelea, ambacho bado, kinachokwamisha, na siku ya kumaliza. Mwalimu asikilize kwanza wird na ist, ndipo asahihishe matamshi.

Msomeshaji wa lugha,
Ng'ambo, Unguja