Barua kwa Mama Amani kuhusu hodhi la kuogea

Bukavu

Mpendwa Mama Amani,

Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba mmekwisha kuhamia katika ile nyumba ya Himbi, huko Goma, na kwamba watoto wameanza kuizoea. Habari nyingine nitazijibu siku nyingine, kwa sababu hodhi la kuogea umeliandikia kurasa mbili nzima, na mengine yote mistari michache tu, nami nikafahamu mahali panapokuuma. Unasema kuta zake zimevaa utando wa kijivu usiosikia mchanga wala javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na kwamba mwenye nyumba anakushauri ama ulikwangue kwa kisu ama umlipe fundi alipake rangi. Nakuomba usifanye hata moja kati ya hayo kabla hujanisoma mpaka mwisho. Unajua nilisimamia usafi wa vyumba katika nyumba ya wageni hapo Goma kwa muda mrefu, na utando huo nimezoeana nao.

Ujue kwanza unapambana na nini. Utando huo si uchafu wa miili ya wapangaji waliokutangulia, ingawa nao umo kidogo. Sabuni ya kipande, iwe imepikwa kwa mawese au kwa mafuta mengine, ni mafuta yaliyounganishwa na soda kali. Inapokutana na maji yenye kalsiamu na magnesiamu, mafuta yale huiacha soda na kushikamana na madini hayo, na kinachozaliwa hapo hakiyeyuki tena katika maji. Huelea juu kama maziwa yaliyokatika, kisha maji yanaposhuka hubaki kimenata ukutani na kukauka, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo mtu anayeusugua utando kwa sabuni ya kipande anaulisha, tena kwa jasho lake mwenyewe.

Huko Goma mambo ni mazito zaidi kwa sababu ya ziwa. Maji ya Kivu yamebeba madini mengi yatokayo katika mawe ya volkano na katika chemchemi zilizo chini ya ziwa, magnesiamu ikiizidi kalsiamu kwa mbali, na maji ya juu yanaelekea upande wa magadi kiasi kwamba pH yake, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji, inakaribia 9. Yawe yamepita kwenye bomba au yamepandishwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, katika mabidoni, madini hayo hayapungui njiani. Sisi wa Bukavu tunalitazama ziwa hilo hilo, lakini mabomba yetu huleta zaidi maji ya mito ya milimani, na ndiyo sababu ulipokuwa hapa hukuwahi kuona sabuni ikikataa kutoa povu.

Zaidi ya hayo, hodhi lako limefanya kazi mbili kwa miaka mingi. Bomba likikauka kila mara, nani asiyelijaza hodhi maji ya akiba? Maji yakikaa humo siku kadhaa na kupungua polepole, huacha mistari myeupe ya kuzunguka ukuta, na mistari hiyo ni madini matupu, haina sabuni. Kutofautisha ni rahisi. Utando wa sabuni ukiukwaruza kwa ukucha hujikunja kama nta laini na kuacha mafuta kidoleni. Mstari wa madini ni mgumu, na ukiukamulia tone la ndimu mara nyingi utaona vipovu vidogo. Madoa ya kahawia chini ya bomba ni kutu, nayo tuyaache kwa leo.

Kisha lichunguze hodhi lenyewe. Chukua sumaku, hata ile ndogo iliyomo ndani ya redio mbovu, uiguse ukutani. Ikinata, hodhi ni la chuma lililofunikwa kwa enameli, na enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma; isiponata, na ukibisha kwa kidole ukasikia sauti butu, yaelekea ni la plastiki ya akriliki. Kwa jinsi ulivyoeleza uzito wake na miguu yake, naamini ni la chuma, tena la zamani. Kioo hicho ndicho unachotaka kukilinda. Mchanga, sufi ya chuma, kisu, na lile jiwe jeusi la volkano ambalo kila nyumba ya Goma inalo kwa kusugulia visigino, vyote huacha mikwaruzo ambayo huioni kwa macho, lakini utando unaofuata utaiona na kushika humo kwa nguvu kuliko mwanzo. Mweleze hivyo kwa upole binti anayekusaidia kazi, maana najua mchanga haukuletwa na mtu mvivu.

Sasa kazi yenyewe. Utahitaji siki nyeupe ya kawaida, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vitambaa vikuukuu vya pamba na dodoki. Siki ni asidi dhaifu: huyavuta madini kutoka kwenye mafuta, na mafuta yakiachwa peke yake hulegea. Lakini mafuta yaliyolegea bado ni mafuta, na siki haiwezi kuyabeba; hapo ndipo sabuni ya vyombo inapoingia, kwa kuwa imetengenezwa kwa namna isiyoshikamana na madini ya maji. Wengi hutumia kimoja kati ya hivyo viwili, kisha hulalamika kwamba dawa haifanyi kazi.

Pasha siki motoni mpaka iwe ya moto lakini isichemke, ukiwa umefungua madirisha kwa sababu mvuke wake hukaba koo, kisha uichanganye na sabuni ya maji kipimo kwa kipimo, polepole ili isifanye povu jingi. Suuza hodhi kwanza kwa maji ya moto na ulifute. Kwa kuwa kuta zimesimama na dawa itateremka yote chini, loweka vitambaa katika mchanganyiko huo na uvibandike ukutani, ukianzia mahali utando ulipo mnene, navyo vitaishikilia dawa mahali pake. Hodhi jipya lingevumilia nusu saa. La kwako, kwa vile enameli ya zamani hupoteza mng'ao ikikaa sana na asidi, lipe robo saa tu, ubandue, usugue kwa dodoki kwa mkono mwepesi na usuuze. Utando ukibaki, rudia siku nyingine. Afadhali kurudia mara nyingi kuliko kuacha dawa usiku kucha. Mahali enameli imebanduka na chuma cheusi kinaonekana, usiweke siki kabisa, maana utaialika kutu.

Siki ikiwa ghali dukani, ndimu za soko la Virunga zitafanya kazi hiyo hiyo, hasa kwenye ile mistari ya madini, ila uchuje maji yake na usuuze vizuri. Vipande vidogo vinavyosalia pembeni vimalize kwa bikarbonati ya kupikia iliyokorogwa na maji kidogo kama uji mzito, kwa sababu punje zake ni laini kuliko kioo. Usiikoroge pamoja na siki, ingawa wengi hulipenda lile povu linalovuma: vitu hivyo viwili huuana, na unabaki na maji ya chumvi yasiyo na nguvu ya upande wowote.

Kuhusu javeli, nakuandikia kwa ukali kidogo, unisamehe. Javeli huua vijidudu na kufifisha rangi, basi. Utando wa sabuni haiuyeyushi, huufanya tu uwe mweupe, ndiyo maana ulidhani umeshinda kisha ukauona tena ulipokauka. Lakini jambo baya zaidi ni kuichanganya na siki au ndimu, kwani hapo hutoka gesi ya klorini, ambayo katika chumba kidogo huumiza macho na mapafu haraka. Kama hodhi lilimwagiwa javeli juzi, lisuuze kwa maji mengi, uache siku ipite, ndipo uanze na siki. Na ile asidi kali ya kusafishia vyoo isiingie humo kabisa, kwa kuwa hula enameli na kuchubua mng'ao wa bomba.

Baada ya hapo, kazi ya kila siku ni ndogo. Anayetoka kuoga amwage bakuli la maji safi ukutani na kupangusa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu utando hauwezi kukaukia mahali pasipo na maji. Maji ya mvua mliyokinga kwenye mabati hayana madini ya ziwa, kwa hiyo ni mazuri kwa kusuuzia. Watu huyaonea shaka kwa kunywa kutokana na moshi wa volkano ya Nyiragongo, ila kwa hodhi hayana neno. Na hodhi likirudi kwenye kazi yake ya kutunza akiba, maji ya kwanza baada ya usafi yatumieni chooni, ili mabaki ya dawa yasiingie jikoni.

Sasa nirudi kwa mwenye nyumba na rangi yake. Rangi haishiki juu ya mafuta. Ikipakwa juu ya utando huo itavimba na kubanduka, na hapo utakuwa umelipa ili upate tatizo la pili. Mwombe akupe muda, usafishe kwanza sehemu ndogo kwenye kona iliyo chini ya bomba, kisha uniandikie ulichokikuta. Kama enameli ya hapo inang'aa, endelea na kuta zote bila wasiwasi. Kama ni butu na inakwaruza kidoleni, mchanga umekwisha kuila na siki haitaurudisha mng'ao wake, basi hapo tutazungumza na fundi.

Nisalimie Baba Amani na watoto wote.

Rafiki yako,
Mama Neema