Kabla ya kuchimba kisima kingine cha uwanja wa gofu

Mhariri,

Kiangazi kikikaza, kamati za viwanja vya gofu Nairobi hurudia shauri lile lile: tuchimbe kisima kirefu kingine. Naziomba zianze kwa kupima. Maji ya ardhini chini ya jiji yamekuwa yakishuka kwa miongo mingi, na mtunza uwanja wa kesho atapewa maji machache zaidi, yenye chumvi zaidi.

Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Grini 18, zile sehemu za nyasi fupi zenye mashimo, zikiwa na mita za mraba 500 kila moja hazitimizi hekta 1. Kwa milimita 5 kwa siku zinahitaji lita 45,000. Fawei za hekta 12, yaani njia za kuchezea, zikipewa kiasi hicho zinameza lita 600,000. Pa kupunguza ni hapo. Ukoka na nyasi za Kikuyu zikigeuka rangi kwa ukame si kwamba zimekufa. Mashina yake yanayotambaa huchipua tena mvua ikinyesha. Kamati iwaambie wanachama hivyo mapema, lawama zisimwangukie mtunza uwanja.

Springla, yaani vinyunyizio vya maji, nazo zipimwe. Panga makopo 20 ya aina moja juu ya grini, fungulia maji dakika 20, kisha pima kina katika kila kopo. Moja likiwa na milimita 3 na jingine 9, pua ya springla imelika, imeinama, au presha ni ndogo. Ukiongeza muda ili kunusuru upande mkavu, ule mwingine unaoza mizizi.

Tatizo linalonitia hofu zaidi ni maji yenyewe. Visima vingi vya Nairobi vina sodiamu na bikaboneti nyingi, yaani chumvi zilizoyeyuka majini. Bikaboneti hufunga kalisi, madini yanayousaidia udongo kupitisha maji, sodiamu ikashika nafasi yake, na udongo wa mfinyanzi ukajiziba: maji yanatuama juu huku mizizi ikikauka chini. Wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji yale yale. Dawa yake ni jasi, madini yenye kalisi. Toboa matundu ya kina cha milimita 100, nyunyiza kilo 5 kwa kila mita za mraba 100, yaani kilo 25 kwa grini moja, kisha mwagilia kwa wingi mara moja ili sodiamu ishuke chini ya mizizi. Pasipo njia ya maji kutoka chini, jasi haitasaidia.

Maji taka yaliyosafishwa yanakuja, na yanafaa, ila yana mbolea ndani. Yakiwa na miligramu 10 za nitrojeni kwa lita, milimita 5 kwa siku huingiza kilo 15 kwa hekta kila mwezi. Asiyepunguza mbolea ya gunia atapata nyasi laini zinazoshambuliwa na kuvu, wakati dawa za kuvu nazo zinapungua. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha klorothalonili, mojawapo ya dawa hizo, mwaka 2019.

Sampuli ya kisima ichukuliwe pampu ikiwa imekimbia nusu saa, chupa ijazwe hadi mdomoni na ifike maabara siku hiyo hiyo, mara 2 kwa mwaka. Majibu yaandikwe kwenye daftari la uwanja, kwa sababu leo mengi ya haya yamo vichwani mwa wazee wanaokaribia kustaafu.

Mtunza viwanja,
Nairobi