Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita mlinituma nikitafutie chama gari lake la kwanza la zama za mwanzo za magari. Gari tumelipata, limelipiwa lote, na hati zake anazo katibu. Ni Ford Model T ya mwaka 1923, ya wazi, yenye turubai, isiyo na stata. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza zaidi jinsi tulivyolinunua, kwa sababu wengi wenu mmeniambia mnataka kununua la kwenu, na nisingependa mtu aingie mkenge ambao sisi tuliukosa kwa tundu la sindano.

Wapo waliotaka gari adimu zaidi. Nawaelewa. Lakini Model T zilitengenezwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, na vipuri vyake vinatengenezwa hadi leo. Gari adimu likikosa kifaa kimoja tu, linaweza kukaa juu ya mawe miaka nenda miaka rudi.

La kwanza kuoneshwa lilikuwa linang'aa. Rejeta ya shaba, taa za shaba, ngozi mpya vitini. Muuzaji alisema ni la 1912, na nakiri nilikuwa nimeshaanza kuzungumzia malipo ya awali. Katibu akapiga magoti na tochi, akafuta grisi kwenye injini, akaniita. Palikuwa na mahali pa kufungia dainamo. Ford haikuweka stata na dainamo kwenye Model T kabla ya 1919. Kwa hiyo shaba ilikuwa ya umri mmoja na injini ya umri mwingine. Kuchanganya vipuri si dhambi, maana ni magari machache ya umri huo yaliyobaki na kila kitu chake. Kosa ni kuliuza kwa mwaka lisilo nao. Tena kwenye magari haya nambari ya injini ndiyo nambari ya gari lenyewe, basi injini isipolingana na hati, ununuzi wako una doa tangu siku ya kwanza. Tuliaga tukaondoka.

Hili letu halikuwa na mvuto. Rangi imepauka, viti vimechanika. Lakini lilikuwa kamili: koili zake nne za kutoa cheche zipo, kila moja ndani ya kisanduku chake cha mbao, magneto inayozalisha umeme wa cheche hizo inafanya kazi, na nambari ya injini inasomeka na inalingana na hati. Kilichotuchukua muda ni mbao. Chini ya bati la bodi kuna fremu ya mbao, na ikioza, mlango ukiufungua unashuka. Milango yote ilisimama vizuri. Magurudumu nayo yana spoki za mbao. Tuliyainua kwa jeki moja moja, tukayatikisa kwa mikono miwili huku tumetega sikio. Mawili ya nyuma yalilia kama kitanda kikuukuu. Muuzaji akashauri tuyamwagie maji. Ni kweli mbao huvimba na kukaza, ila zikikauka unarudi palepale, na gurudumu likisambaratika kwenye kona hakuna cha kukuokoa. Tulikata gharama ya kuyatengeneza kwenye bei, naye akakubali.

Sasa jambo lililoniumiza mwaka huu. Mwenzetu mmoja aliumia kifundo cha mkono akipiga hendeli, ule mkono wa chuma wa mbele wa kuzungushia injini ili iwake. Wenzo wa moto, ule wa kushoto chini ya usukani unaopanga cheche iwahi au ichelewe, haukuwa umepandishwa juu kabisa, basi injini ikawaka kabla ya wakati na kurudisha hendeli kwa nguvu. Amepona, namshukuru Mungu. Kuanzia sasa, wenzo juu kwanza, hendeli ivutwe kwa mkono wa kushoto kutoka chini kwenda juu, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli.

Kuendesha nako kunahitaji kufundishwa upya. Hakuna pedali ya mafuta. Mafuta yanaongezwa kwa wenzo wa kulia chini ya usukani. Pedali ya kulia ni breki, ya kati ni ya kurudi nyuma, na ya kushoto ukiikanyaga hadi chini gari linaingia gia ya kwanza. Dereva wa magari ya leo akishtuka hukanyaga kushoto akidhani ni klachi, na gari linazidi kwenda mbele. Nimeliona likitokea, ukuta ukiwa hatua tatu tu mbele yetu.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili: spoki mpya za magurudumu ya nyuma kabla gari halijatoka tena barabarani, na kanuni kwamba hakuna atakayeliendesha, mimi nikiwemo, kabla ya kupimwa na fundi wa chama.