Kabla ya novena, mabati

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa miaka 57, Mkatoliki, Mnandi (sisi ni kundi mojawapo la Wakalenjin), na naishi nje kidogo ya mji wa Eldoret, upande wa barabara ya Kapsabet. Kwa miaka 11 nimekuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Yaliyotokea Alhamisi iliyopita yamenikosesha usingizi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Siku hiyo tulikutana kusali rozari. Mwenyekiti akatwambia tuanze mapema kuombea uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, kila jumuiya na novena yake, sala ya siku tisa. Sote tukaitikia amina. Saa moja haijaisha, mwenzetu mmoja akatuma sauti katika kundi letu la WhatsApp, akisema kwamba mwaka huo kura ikienda kombo, safari hii madoadoa yataondolewa mapema. Zikafuata alama za kucheka. Nilizihesabu, saba. Mbili zilitoka kwa watu waliokuwa wameongoza mafumbo ya rozari jioni ile ile.

Ambaye si wa Bonde la Ufa huenda asilielewe neno hilo. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, "kuondoa madoadoa" kulimaanisha kuwafukuza majirani wasio wa kabila letu. Niliandika kundini: "Wapendwa, neno hilo tunajua lilikotufikisha. Naomba lifutwe." Mmoja akanijibu kwamba ni utani tu, mama. Mwingine akaniandikia pembeni kuniuliza nimelipwa na nani.

Katika kundi hilo wamo Wakikuyu wa nyumba mbili. Mmoja wao ni jirani yangu ambaye tangu 1998 tunaitana pacha, kwa kuwa vifungua mimba wetu, wote wasichana, walizaliwa juma moja katika wodi moja, vitanda vikiwa vimepakana. Nilitazama simu nikaona ameisikiliza ile sauti. Hakusema neno.

Ukimya wake naujua. Nimewahi kuusababisha mimi.

Matokeo ya urais yalitangazwa Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007. Usiku huo pacha wangu alikuja kwangu na watoto wake wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Mumewe alikuwa safarini. Nikawaficha jikoni, ile nyumba ya udongo nyuma ya nyumba kubwa, nikawatandikia magunia kando ya meko. Walilala hapo Jumapili na Jumatatu. Jumanne, siku ya Mwaka Mpya, zikaja habari za Kiambaa, si mbali na kwetu: watu waliokimbilia kanisa la Assemblies wamechomwa humo ndani. Watu wapatao 30 walikufa, wengi wao kina mama na watoto.

Jioni ya Jumanne wakaja wanaume watatu wa rika la mzee wangu. Hawakupiga kelele. Walisema tu kwamba wanajua jikoni kuna nini, na kwamba kesho wasikute kitu. Mzee wangu alinitazama, hakufungua mdomo. Aliyekwenda jikoni ni mimi. Nilimwambia pacha wangu aondoke usiku ule ule, aende Kathidro, kwamba kanisani ndiko kuliko salama. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeshasikia ya Kiambaa. Yeye alikuwa hajasikia. Akamfunga mvulana mgongoni, akamshika msichana mkono, wakapita nyuma kwenye mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

Walifika salama, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini hawakufika kwa sababu yangu.

Katika kiwanja cha Kathidro ya Moyo Mtakatifu, Askofu Cornelius Korir alikuwa amefungua milango, na watu wapatao 10,000 walipata hifadhi. Juma la pili nilikwenda na mtungi wa maziwa, lita tano. Nikampata pacha wangu kwenye foleni ya maji. Aliyapokea maziwa, akayamimina kwenye sufuria, akaenda kuuosha mtungi, akanirudishia. Hakusema neno. Nikarudi nyumbani na mtungi uliooshwa.

Askofu Korir alikuwa Mkalenjin kama mimi. Huku kwetu nilisikia kwa masikio yangu wakimwita msaliti, na wengine waliosema hivyo walikuwa wamebatizwa naye au wamepewa kipaimara kwa mkono wake. Alifariki tarehe 30 Oktoba 2017, siku chache baada ya ule uchaguzi wa marudio, na amezikwa ndani ya Kathidro hiyo hiyo. Nikienda mjini hupita hapo. Ninapiga magoti, na mara nyingi sina sala ya kusema.

Tangu ghasia za 1992 alikuwa amejifunza kitu ambacho viongozi wetu wengi, wa dini na wa siasa, hawana subira nacho. Alikiita Amani Mashinani. Hakuanza na mkutano mkubwa wa kushikana mikono mbele ya kamera. Kwanza watu wa upande mmoja walikaa peke yao wakatema nyongo yote. Kisha upande wa pili vivyo hivyo. Halafu wachache wa huku wakakutana na wachache wa kule, wakala pamoja, wakaonana tena na tena, idadi ikiongezeka. Mwishowe wakaingia katika kazi wanayoihitaji wote: barabara, josho la ng'ombe, shule. Ni kazi ya miezi, pengine miaka, na hakuna anayepigwa picha.

Mkutano niliouhudhuria mimi ulikuwa mwaka 2009, chini ya mti wa shule. Pacha wangu alikuwa amerudi kwenye ploti yake, anaishi katika hema. Wazee walizungumza sana kuhusu umoja. Yeye akasimama akauliza swali moja: "Mabati yangu yako wapi?" Akaketi.

Hakuna aliyejibu. Nilijua yalipo manane. Nyumba yake iliezuliwa kabla ya kuchomwa, na mabati manane yalikuwa kwenye banda la mbuzi la shemeji yangu, yamepakwa rangi ya kijani, moja lina herufi za jina la mumewe kwa rangi nyeupe. Nilipita mbele ya banda hilo kila Jumapili nikienda Misa, kwa zaidi ya mwaka. Kila Jumapili nilipokea Komunyo.

Bwana alisema ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende ukapatane naye kwanza. Nimesikia mafundisho hayo yakihubiriwa kuhusu mke na mume, kuhusu mawifi, kuhusu wanakwaya waliogombania sare. Sijasikia yakihubiriwa kuhusu mabati ya 2008. Nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mzee wangu sitakwenda Misa mpaka mabati yatoke kwenye banda. Shemeji alikataa kuyatoa bure. Nilimlipa shilingi 350 kwa kila bati, pesa za kuku wangu, nikakodi mkokoteni nikayapeleka. Yaliyobaki, kumi na sita, sikuyaona tena.

Pacha wangu aliyapokea, akayapanga chini, akayahesabu. Akasema, "Kesho fundi anakuja. Uje unishikie ngazi." Nikaenda nikaishika ngazi kutwa nzima.

Ninaandika haya yote, Mhariri, kwa sababu nasikia kila upande, "tuhubiri upendo, tuhubiri amani," na naogopa amani ya namna hiyo. Mwaka 2013, baada ya uchaguzi, tuliambiwa tukubali na tusonge mbele, na wengi wetu tuliokuwa na mali ya watu mikononi tulifurahi sana kusonga mbele. Upendo aliotufundisha Yesu una hesabu ndani yake. Yule Msamaria alitoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa ziada akirudi.

Baraza la Makanisa, NCCK, mwezi Februari 2008 lilijitokeza hadharani likaomba msamaha kwa kuegemea pande za kisiasa. Nililiheshimu kwa hilo, ingawa mimi si wa makanisa yake. Na Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alipoagiza zirudishwe pesa ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Kahawa Magharibi, nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Lakini hata sisi wadogo tuna bahasha zetu. Wakati wa kampeni za 2022 mgombea mmoja aliipa jumuiya yetu shilingi 20,000 tununue viti. Mwandishi wa risiti ni mimi. Wiki hiyo hiyo alikuwa amesema jukwaani maneno kuhusu "wageni" ambayo kila mmoja wetu aliyasikia. Hakuna aliyemuuliza. Viti hivyo vyeupe vya plastiki ndivyo tulivyokalia Alhamisi tukisali rozari.

Kuna jambo jingine. Tarehe 25 Juni 2024 kitinda mimba wangu na yule mvulana aliyefungwa mgongoni mwaka 2008 walitoka pamoja kwenda mjini Eldoret kuandamana kupinga Mswada wa Fedha. Walikuwa wamevaa fulana nyeusi, wamebeba bendera moja na chupa ya maji wanayogawana. Mimi na mamake tuliketi kwangu tukingoja simu. Walirudi saa mbili usiku, macho mekundu kwa moshi wa vitoa machozi, wakala ugali sufuria nzima. Hao watoto hawaulizani kabila. Waliyafikia bila mikutano yale ambayo sisi tulipelekwa kwa kushikwa mkono na Askofu.

Jumapili iliyofuata, kanisani, mtu alitoa nia: tuwaombee vijana watulie. Tukaitikia. Kufikia mwisho wa mwaka Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo visivyopungua 60 na watu kadhaa waliotekwa na watu wasiojulikana. Sikumbuki nia hata moja kwa ajili ya mama anayezunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti akimtafuta mwanawe. Mama huyo tungemkosa vipi katika sala zetu, sisi tunaomwita Maria Mama wa Mateso, aliyemtafuta mwanawe siku tatu, Yesu akiwa na miaka kumi na miwili? Ninasema hivi na uchungu, lakini nasema na upendo, kwa kuwa kanisa hili ni langu na nitazikwa nalo.

Kwa hiyo ombi langu kwa mapadre, wachungaji na viongozi wa jumuiya za Bonde la Ufa ni dogo. Kabla ya novena, kila jumuiya itenge jioni moja ambapo mwenye nyumba atakwenda kwa jirani wa kabila jingine amuulize: je, kuna kitu chako kilichobaki kwangu? Kama kipo, kirudi. Kama ni neno, litamkwe na liombewe radhi. Na anayetuma chuki katika kundi la sala asiachwe, wala asiondolewe tu kwa kubonyeza simu. Waende wawili nyumbani kwake, kama Injili inavyoagiza, wakae naye uso kwa uso. Yule wa Alhamisi nimemwendea Jumamosi pamoja na katekista. Alitupikia chai. Amekubali kuifuta ile sauti. Kwa pacha wangu bado hajakwenda, anasema anaona aibu. Tumekubaliana nitamsindikiza.

Jina langu kamili na nambari yangu nimekuandikia chini kando, Mhariri, lakini naomba usivichapishe. Ni kwa sababu ya yule msichana aliyekuwa na miaka tisa. Sasa ni mama, anaishi mbali, na akija kumtembelea mamake haingii kwangu. Hunisalimu akiwa nje ya uzio, namsalimu nikiwa ndani. Simlaumu. Krismasi iliyopita alikuja na mtoto, na mtoto akapenya kwenye uzio akaja kutazama kuku wangu. Mamake alimwona. Hakumwita arudi.

Wako katika Kristo,
Mama wa jumuiya, Eldoret