Picha iliyotikisika nayo ni picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua. Masharti ya ukurasa wenu wa picha za wasomaji nimeyasoma yote, na moja tu ndilo linalonikaa kooni: lile linalotaka kila picha ya mandhari iwe angavu na isiwe imetikisika.

Mimi ni mstaafu na mkono wangu wa kulia hutetemeka. Jioni moja nilikuwa napiga picha miti kwa simu, kidole kikagusa kitufe wakati naishusha. Mjukuu wangu akatazama, akasema, "Babu, futa hii, imetikisika." Nikaitazama tena. Vigogo vilikuwa vimerefuka kama nyuzi kwenye kitanda cha mfumaji, kijani kimeyeyukia kwenye kahawia. Hapakuwa na jani hata moja la kutambulika, lakini upepo wa jioni ile niliuona. Sikuifuta.

Tangu siku hiyo natikisa kwa makusudi, na nakuhakikishia ni kazi kuliko kutulia. Simu imeundwa ishindane na mkono. Penye mwanga wa kutosha hupiga haraka mno, na nyingi hukusanya picha kadhaa kwa mkupuo, zikazipanga na kuziunganisha ili mtikisiko upotee. Ikabidi niache mpangilio wa kujiendesha, niingie ule wa kitaalamu, niteremshe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 50, kisha niiruhusu kamera ipokee mwanga kwa robo sekunde. Mchana nilipata karatasi nyeupe tupu! Tundu la lenzi katika simu nyingi halipunguziki, kwa hiyo mwanga huingia wote. Siku hizi naweka kioo cha miwani ya jua mbele ya lenzi, na anayeishika miwani ni yuleyule mjukuu. La sivyo, nasubiri alfajiri au magharibi.

Miti naipiga nikishusha simu wima, maji nikiipeleka kando, maua nikizungusha kifundo cha mkono kidogo tu. Mwendo uanze kabla ya kubonyeza na uendelee baada yake, maana ukisimama katikati mistari hupata kikonyo kibaya mwishoni. Mwenye simu isiyo na mpangilio huo wa kitaalamu apulizie lenzi pumzi yake apige kabla ukungu haujakauka, au apige kivuli cha miti ndani ya dimbwi kisha aigeuze picha juu chini. Katika kila mia nafuta zaidi ya tisini. Programu za kuigeuza picha iwe kama mchoro wa rangi za mafuta sizitaki; zinakupa jibu kabla hujauliza.

Mtasema huu ni uzembe uliopewa jina zuri. Mwaka 1874 mchoraji Claude Monet na wenzake walipofanya maonyesho yao ya kwanza Paris, mkosoaji Louis Leroy aliwakejeli kwamba kazi zao ni mguso wa jicho tu, hazijamalizika. Jina hilo la kejeli, "Impressionists", yaani watu wa mguso, likawaganda, nao wakalibeba. Na maonyesho hayo yalifanyika wapi? Katika iliyokuwa studio ya mpiga picha, Nadar. Miaka ya 1950 naye mpiga picha Ernst Haas alipiga mchezo wa mafahali akiiacha kamera wazi kwa muda mrefu kuliko kawaida, hadi fahali na mtu wakatiririka rangi. Hakuna aliyemwambia mkono wake ni mgonjwa.

Picha za habari siziingilii. Ajali, mkutano, uso wa kiongozi: hapo msomaji anataka kuona nani alikuwa wapi, na mna haki ya kudai utulivu. Ila mandhari haiendi mahakamani kutoa ushahidi. Nawaomba mlegeze sharti hilo moja, au mtutengee kona ndogo chini ya ukurasa, hata mara moja kwa mwezi.

Nimeambatanisha picha moja. Ni matete kando ya maji, robo sekunde, kabla jua halijachomoza. Tafadhali mwambie mpangaji wa kurasa asiigeuze: juu ni upande wenye weusi.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi